Eda ya Mama wa Nembo

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Mkiitafuta mtaipata, halafu mtaniletea matatizo. Mimi nilikuwa katibu wa Tume ya Nembo katika nchi hiyo, na kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao. Mwandiko wangu ni mzuri. Nimewahi kupandishwa cheo kwa ajili ya herufi H peke yake. Kwa hiyo haya ninayoyasema si uvumi, nimeyaandika kwa mkono wangu, na nakala zimo kwenye majalada ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyaona kwa nje.

Serikali yetu ilikuwa na hoteli kumi na moja chini ya Shirika la Hoteli za Maliwazo. Zilikuwa hoteli nzuri. Tatu zilikuwa na maji, nne zilikuwa na umeme, na moja ilikuwa na vyote viwili, ila hiyo haikuwa na mlango. Wageni hawakuja. Wizara ikafanya uchunguzi wa kina ikagundua kwamba kosa ni la nembo. Nembo ya zamani ilikuwa simba aliyebeba sinia, na kwa kuwa kila hoteli ilichorewa na fundi wake, miaka ilivyokwenda simba akakonda, masikio yakalala, mpaka wageni wakawa wanauliza kwa nini hoteli zetu zinatangazwa na mbwa aliyeiba sinia.

"Tatizo si maji," alisema Waziri wa Utalii na Tabasamu, Mheshimiwa Lutengano, siku alipozindua Tume. "Maji mgeni anayo hata kwao. Mgeni anafuata nembo!"

Tukapiga makofi. Tume ilikuwa na wajumbe kumi na tisa, na ilikaa miezi kumi na minne ndani ya hoteli hizo hizo ili ijionee. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru vyumba vikajaa, na Waziri akatangaza redioni kwamba nembo mpya imeanza kuleta wageni hata kabla haijachorwa.

Miezi sita ilikwenda kwenye rangi. Nyekundu ilikataliwa kwa sababu inakumbusha damu, na hatukutaka mgeni aulize ya nani. Nyeusi ilionekana haina shukrani. Njano ilikuwa na kesi mahakamani. Mwishowe zikapita tatu: rangi ya chungwa, ambayo ni uvumilivu wa wananchi; kijani, ambayo ni ahadi; na nyeupe, ambayo ni Hazina ya Taifa, kwa kuwa haina kitu juu yake. Mjumbe mmoja kutoka pwani aliomba tone la bluu, akaambiwa kanuni zinasema rangi tatu na kanuni hazibadiliki hata kwa dharura. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana nililiandika kwa wino mzito.

Mchoro wenyewe ulitoka kwa Fundi Shekue, mchora mabango wa mji mmoja mdogo wa kusini, ambaye maisha yake yote alichora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi. Alipewa rangi tatu akaambiwa achore Ukarimu. Shekue ni mtu asiyejua kuchora kitu asichokiona. Akasimama mlangoni pa karakana yake akatazama ng'ambo ya barabara, na huko alikuwepo jirani yake Bi Somoe, ameketi kwenye mlango wake wa kijani, kanga ya rangi ya chungwa mwilini, ungo mikononi, anapepeta mchele. Punje zilikuwa hewani. Pumba likamwingia jichoni, akakunja uso na kufinya macho, meno yote nje. Shekue akachora hivyo hivyo.

Tume ilipoliona lile pumba jichoni ililiita Tabasamu la Ukarimu. Profesa mmoja alizungumza saa mbili juu ya midomo yake. Chini ya mchoro tukaandika "Mgeni njoo, mwenyeji apone", nembo ikapita kwa kura zote, ikapakwa kwenye kuta kumi na moja, taulo elfu nne, na vijiko.

*

Miezi michache baadaye mgeni mmoja aliyelala kwenye hoteli isiyo na mlango aliandika barua fupi. Hakulalamikia mlango. Aliuliza tu: yule mama wa kwenye taulo yuko wapi?

Barua ilitikisa nchi. Waziri Lutengano aliitisha kikao akiwa amevaa miwani ya kusomea, jambo alilolifanya panapokuwa na hatari tu.

"Nchi hii," alisema, "imewahi kusema mengi kwenye hotuba. Hilo mnalijua na mimi nalijua. Lakini kwenye nembo? Kwenye nembo haijawahi kusema uongo na haitasema."

Ikapitishwa Sheria ya Ulinganifu: kila kilichomo kwenye nembo lazima kiwepo, na pale kilipo kisiwepo kitu kisichomo kwenye nembo. Askari wa Ulinganifu wakaajiriwa, kila mmoja akapewa nembo ndani ya fremu ili alinganishe. Fundi Shekue alivishwa nishani, kisha akapigwa marufuku kuchora maisha yake yote, kwa kuwa angeweza kuchora kitu kingine na serikali ikalazimika kukitafuta. Siku hizi anauza mkaa. Magunia yake hayana maandishi.

Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea Bi Somoe barua ya uteuzi. Nilimkuta ukumbini na mumewe, Mzee Mfaume, fundi wa bati aliyetengeneza koroboi na ndoo mpaka kifua kikamwambia basi. Alikuwa amelala mkekani anakohoa, na mkewe anamsugua mgongo kwa mafuta ya nazi.

"Umeteuliwa kuwa Nembo, mama," nikamwambia. "Cheo chako ni Mama wa Nembo. Utakaa mlangoni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, wageni wakuone."

Bi Somoe akacheka. Alikuwa na kicheko cha kweli, kizito, si kile cha kwenye taulo. "Na hiyo kazi inaisha lini, mwanangu?"

"Barua haisemi."

"Basi nikimaliza kupepeta nitanyanyuka. Mchele gani usiokwisha?"

Mzee Mfaume alijiinua kwa kiwiko. "Somoe, waulize. Hawa watu ukiwapa kiti wanataka na makalio yako."

Sikuliandika hilo, kwa sababu kikao hakikuwa rasmi.

Mchele ulikuwa wa serikali. Uliletwa kwenye gunia lenye muhuri, ukaitwa Mchele wa Maonyesho, na Bi Somoe alikatazwa kuupika. Alipepeta kilo zile zile tatu, asubuhi mpaka jioni, mwezi baada ya mwezi, mpaka pumba zikaisha na punje zikavunjika zikawa chenga, na chenga zikawa unga. Kisha akapepeta unga. Jioni aliweka ungo kando akaingia ndani kumsongea mumewe ugali. Mabasi ya wageni yalikuja moja baada ya jingine, na kila basi lilipofika askari alimwambia afinye macho.

Kikohozi cha Mzee Mfaume kilisikika mpaka barabarani. Askari alilinganisha na fremu yake, akakuta kikohozi hakimo. Mzee akahamishiwa chumba cha uani, dirisha likazibwa kwa magunia ili asisikike, na mkewe akaruhusiwa kumtazama mchana, dakika ishirini. Saa zilizobaki mgonjwa alitazamwa na dada yake, Bi Havijawa, wifi wa Bi Somoe. Bi Somoe akiinuka mlangoni kabla ya wakati, askari alimrudisha kwa adabu kabisa, maana tuliwafundisha kumwita mama.

*

Mzee Mfaume alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Mlangoni palikuwa na wageni thelathini na wawili. Bi Havijawa alitoka uani, kichwa wazi, akasimama nyuma ya Bi Somoe.

"Wifi yangu," alisema, "weka ungo chini. Kaka ametuacha."

Bi Somoe hakulia wala hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini taratibu, akauangalia ule unga, akasema, "Nilikuwa naye hapa hapa. Ukuta mmoja tu." Kisha akainuka akaingia ndani. Wageni walipiga picha ya kiti kitupu, wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

Majirani walimzika Mzee Mfaume alasiri, kwa kuwa majirani hawangoji Wizara. Usiku huo walitandika mikeka nje ya nyumba kukaa matanga. Asubuhi Shirika la Hoteli za Maliwazo likatuma karani akawahesabu waombolezaji mia moja na sita, akawaandikisha kuwa wageni waliolala. Ulikuwa mwezi bora kuliko yote katika historia ya Shirika. Lakini mikeka haimo kwenye nembo, kwa hiyo siku ya pili iliondolewa pamoja na waliokalia.

Sasa, kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Miezi minne na siku kumi hukaa ndani mwake, hajipambi, havai cha kung'aa, hajionyeshi kwa wanaume wa nje. Ni siku za mume wake, na hata jirani aliyegombana naye huzistahi. Bi Somoe alijifunga shuka jeupe, akafunga mlango wa kijani. Askari akagonga. Kwanza, akasema, mlango kwenye nembo uko wazi. Pili, nyeupe ni ya Hazina, na Hazina hailii.

Nikatumwa tena. Nilikaa barazani akazungumza nami akiwa nyuma ya pazia, kama inavyopasa.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na serikali. Sitaki fidia, sitaki nyumba, nishani wampe mwingine. Nataka siku zangu mia na thelathini. Nikae ndani nimlilie mume wangu. Wakati anakata roho nilikuwa nawafinyia watu macho. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Basi waambie."

"Nitaliandika," nikasema, na nikaliandika vizuri sana, lile ombi lilipendeza kulisoma.

*

Tume ilikaa kikao cha dharura kwa siku tisa. Pendekezo la kwanza lilikuwa kubadili nembo kwa miezi minne. Mweka hazina alilia machozi akitaja taulo. Na kanuni, kama mnavyokumbuka, hazibadiliki. Pendekezo la pili lilikuwa eda ikaliwe mlangoni kwa kanga ya rangi ya chungwa. Shehe wa mji aliitwa kutoa maoni, akasema ni jambo asiloweza kulisema mbele ya Mungu, akaomba ruhusa aende kusalisha. Wajumbe walikubaliana kwamba ni mtu mgumu.

Ndipo Waziri Lutengano akavaa miwani.

"Waheshimiwa, tunahangaika na eda. Eda inatokana na nini? Na kifo. Na kifo cha mwananchi kinaanza kutumika lini? Kinaanza kutumika kikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Je, kimetangazwa?"

Hakikutangazwa.

"Basi huyu mzee hajafa. Amesafiri."

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Mzee Mfaume akaandikwa msafiri. Kwa ubinadamu, hata hivyo, na mimi nashuhudia kwamba neno ubinadamu lilitajwa mara saba, Tume iliona kwamba mke ambaye mumewe amesafiri anaweza naye kuwa na huzuni. Akapewa ruhusa ya kukaa ndani kila Jumatatu ya masika, siku ambazo barabara ni tope na mabasi hayaji. Kwenye ratiba ziliitwa Siku za Matengenezo ya Nembo. Zilikuwa kumi kwa mwaka.

Nilimsomea Bi Somoe uamuzi huo. Bi Havijawa alikuwepo, na yeye ndiye aliyepiga hesabu kwanza.

"Miaka kumi na mitatu!" akapiga kelele. "Eda ya miaka kumi na mitatu! We baba, eda ni muwa ikatwe vipande?"

"Nina miaka sitini na miwili," Bi Somoe akasema nyuma ya pazia. "Mwenye nguvu mpishe, wifi. Nitachukua hizo Jumatatu. Bora kumlilia kidogo kuliko kutomlilia kabisa."

Ningependa kuwaambia kwamba moyo uliniuma. Uliniuma, lakini baada ya chakula cha mchana.

Mwaka wa kwanza alikaa Jumatatu zake kumi. Jumapili jioni alikunja kanga ya rangi ya chungwa, akajifunga shuka, akafunga mlango. Jumanne asubuhi alifungua. Mwaka wa pili mvua zilikuwa haba, mabasi yakapita, Jumatatu zikawa nne. Alianza kuipenda mvua kama mkulima. Watu walimwona akitazama mawingu huku mikono ikipepeta, na askari akamkumbusha kwamba kwenye nembo macho yanatazama ungo.

Mwaka wa tatu Jumatatu zikaacha kumtosha. Machozi aliyoyaanza ndani yalikuwa hayajaisha kufikia Jumanne. Akaketi mlangoni, akainua ungo, akafinya macho kama alivyofundishwa, na machozi yakateremka mpaka kwenye kidevu mbele ya basi zima la wageni. Askari alilinganisha na fremu akakimbilia simu. Kwa siku tatu Bi Somoe alilia akipepeta, na kwa siku tatu mimi niliandaa hati ya mashtaka, kifungu cha kisichomo.

Nakiri kwamba siku zile niliingiwa na tumaini. Nilifikiri sasa watalazimika kusema analia nini. Hati ya mashtaka haiandikwi bila sababu, na sababu ilikuwa moja tu, imelala makaburini nyuma ya karakana ya Shekue. Niliacha nafasi ya mistari miwili kwa ajili yake.

*

Kabla hati haijatiwa sahihi zikafika barua. Wageni walikuwa wameguswa. Mmoja aliandika kwamba amezunguka dunia nzima na hajawahi kukaribishwa na mtu anayelia kwa furaha ya kumwona. Picha ya Bi Somoe ikaenea. Vyumba vikajaa, safari hii bila wajumbe.

Tume ikakutana saa nne asubuhi. Kufikia chai ilikuwa imeshabadili kanuni ya rangi tatu. Kufikia chakula cha mchana tone moja la bluu lilikuwa limeongezwa kwenye shavu la mama wa kwenye nembo, maana yake Ukarimu Unaofurika. Taulo elfu nne zikachapwa upya na hakuna aliyelia. Nilitafuta kwenye mihtasari yangu ule wino mzito, nikaukuta bado upo, nikageuza ukurasa.

Waziri alikuja mwenyewe kumpongeza. Alisimama mbele ya mlango wa kijani, kamera upande huu na upande huu.

"Mama," alisema, "taifa limesikia kilio chako. Tumekipitisha. Kuanzia leo machozi ni halali, na ni ya kila siku."

Bi Somoe akanyanyua uso. "Kwa hiyo mmekubali kwamba mume wangu amekufa?"

Waziri alinitazama. Nikafungua jalada.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Yamekubaliwa machozi tu."

"Na Jumatatu zangu?"

Jumatatu zilifutwa, nikamweleza. Zilitolewa kwa ajili ya kulia, na sasa analia kazini, kwa hiyo Tume haikuona haja ya kumpa mapumziko kwa shughuli ile ile. Alikuwa amekaa siku kumi na tisa kati ya mia na thelathini.

Tangu siku hiyo Bi Somoe hakulia tena. Alijaribu, kwa sababu askari alimwomba kwa adabu, lakini machozi yalikuwa yamekauka, na mwanamke yule uso wake ukawa kama mlango uliofungwa. Shirika likaingiwa na hofu. Ndipo mtu mmoja akakumbuka jinsi nembo ilivyoanza. Wakaagiza gunia la pumba. Sasa kila asubuhi saa mbili, kabla ya basi la kwanza, askari huchota pumba kiganjani, humwambia "Samahani, mama," na kumpulizia jichoni. Tabasamu linakuja na machozi yanakuja.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, nilipokwenda kukagua. Ungo ulikuwa umebaki na vumbi. Aliniita nikainama.

"Wewe una mwandiko mzuri," akaniambia. "Mnasema mume wangu amesafiri?"

"Ndivyo ilivyo kwenye kumbukumbu, mama."

"Basi mwandikie barua. Mwambie Somoe amechoka. Mwambie sikumlilia ikatosha, waliniharakisha, anisamehe. Mwambie kama kuna nafasi huko aliko, anitumie neno."

Nilitoa kalamu na karatasi, nikaandika yote kama alivyosema. Nilipofika mwisho nikamwuliza anwani, kwa kuwa barua isiyo na anwani haipokelewi.

Bi Somoe akaachia ungo kwa mkono mmoja, akaunyoosha ule mkono kuelekea nyuma ya karakana, makaburini. Askari akatazama fremu yake, akasogea, na kwa adabu kabisa akaushusha.